Orodha ya Mahudhurio ya Mzee Jumbe

Mume wangu, Jumbe Athmani, hakuuza ule uwanja wa kando ya mto. Hakupewa fleti mtaa wa Pipeline, hakulipiwa safari ya Umra na kampuni, na lile koti jeusi alilolivaa siku ya mkutano halikutoka kwa mtu. Nililinunua mimi kwa mshahara wangu wa ualimu, mwaka binti yetu Hikma alipomaliza darasa la nane. Watu wa Majengo wanalijua koti hilo. Wameliona katika kila harusi na kila maziko kwa zaidi ya miaka ishirini, ila sasa wanasema ni jipya.

Naandika kwa sababu yeye hawezi tena kujitetea, na kwa sababu mimi nilikuwapo. Nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi za upande huu wa jiji la Nairobi kwa miaka thelathini na miwili, na sijazoea kuona habari za nyumba yangu zikisimuliwa na watu wasiozijua.

Jumbe alizaliwa Pumwani, katika nyumba ya vyumba sita iliyogawanywa na ukumbi katikati, kama zilivyokuwa nyumba nyingi za Majengo wakati huo. Baba yake alikuwa fundi cherehani katika soko la Gikomba. Mzee huyo alipofariki, Jumbe alikuwa kidato cha pili, na masomo yakaishia hapo. Watu hupenda kusema kwamba mimi ndiye niliyesoma na yeye ndiye aliyebahatika kunioa. Ukweli ni kwamba mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, na mimi nilifundishwa kuandika chuoni, tena kwa kupewa alama.

Mwandiko huo ndio uliomtoa kwenye ufagio. Aliajiriwa kufagia katika kiwanda cha magodoro, na siku moja meneja akaona karatasi ya zamu aliyokuwa amewaandikia wenzake. Akamweka langoni awe karani wa mahudhurio. Alikaa kwenye lango hilo miaka ishirini na tisa. Kila aliyeingia aliandikwa jina, saa na idara, na kila aliyetoka vivyo hivyo. Jumbe aliondoka nyumbani mara tu baada ya sala ya alfajiri, akatembea kwa miguu mpaka kiwandani, na hakuna siku wafanyakazi walifika wakakosa kumkuta.

Kuna jambo moja la huko kiwandani ambalo lazima nilieleze, kwa kuwa bila hilo hakuna atakayeelewa alichokifanya mtoni. Mfanyakazi mmoja aitwaye Nzivo alikatwa vidole vitatu na mashine ya sponji. Wenye kiwanda wakasema siku hiyo hakuwa kazini, aliumia kwake. Jumbe akafungua daftari: Nzivo, saa moja kasoro dakika nne, idara ya kukata. Meneja alimwita ofisini, akamwambia kwa upole kwamba chai inaweza kumwagikia ukurasa wowote. Jumbe alirudi nyumbani siku hiyo na daftari kifuani, ndani ya shati.

"Wakikufukuza je?" nilimuuliza.

"Wanifukuze. Mtu akishaandikwa, Muhiba, ameandikwa. Hakuna wa kusema hakuwapo."

Hawakumfukuza, na Nzivo alipata haki yake. Kila Idd, mpaka alipohamia kwao Kitui, Mkristo yule alituletea kuku mzima, amemshika miguu kwa vidole viwili vilivyobaki. Jumbe hakuhitaji ushahidi mwingine. Tangu hapo aliamini kwamba mnyonge haangamizwi kwa kupigwa, huangamizwa kwa kuambiwa hakuwapo, na dawa yake ni kuandikwa.

Alipostaafu aliendelea. Kamati ya maji, mchango wa msikiti, kikao cha usalama, hata maziko, Jumbe alikuwapo na karatasi zake. Mimi ndiye niliyempigia mistari: jina, namba ya kitambulisho, mtaa, sahihi. Vijana walimtania mpaka wakachoka. Sylvance, fundi wa Shauri Moyo anayetengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, alikuwa akimwambia, "Mzee Jumbe, wewe ukifika peponi utamwomba malaika daftari uone nani amechelewa."

"Na wewe jina lako sitalitafuta," Jumbe alimjibu. "Najua hutakuwa umefika."

Sasa nije kwenye uwanja wenyewe. Sisi tunauita Uwanja wa Chini. Uko kati ya Shauri Moyo na kwetu, pale mto unapopinda. Haujawahi kujengwa, kwa kuwa kila mvua kubwa huuchukua na kuurudisha. Lakini haukuwa bure. Sylvance na wenzake walianika hapo masanduku yaliyopakwa rangi. Beldina, mjane kama nilivyo mimi leo, alilima sukuma wiki na mchicha pamoja na wanawake sita. Wauza mitumba walifulia hapo. Wakristo waliweka mahema ya ibada, nasi siku ya Idd tuliwafungia watoto bembea. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024, nyumba zilizokuwa karibu na maji zilibomolewa, tukaambiwa mto unahitaji nafasi. Waliobomolewa walilia, lakini tulikubali. Maji tuliyaona kwa macho yetu.

Mwaka uliofuata likasimamishwa bango. Kampuni iitwayo Ukingo Mpya ilikuwa inakusudia kujenga marina. Picha ilionyesha maji ya buluu, mashua nyeupe zimefungwa kwenye gati, na watu waliovaa kofia za jua wanakunywa juisi. Mto ungezibwa kwa ukuta, maji yajae yawe bwawa, na kuzunguka bwawa pangekuwa na mikahawa na nyumba za kupangisha.

"Mashua, Mto Nairobi?" Sylvance alisema mbele ya bango. "Hiyo ikizama abiria hafi maji, anakufa harufu."

Tulicheka wiki nzima. Watu walikuja kutoka mbali kulitazama bango na kuongeza mzaha wao. Mmoja wa wale wenye kofia za jua tulimpa jina. Naliandika hili kwa kuwa wanaomlaumu Jumbe wamesahau kwamba wiki hiyo ndiyo tuliyopaswa kutafuta wakili.

Kisha ikatangazwa kwamba kampuni itakuja kuchukua maoni ya wakazi, Jumamosi, palepale uwanjani. Walileta hema, viti vyeupe, soda na mikate. Beldina alikuwa na mpango wake. Alituzuia nje ya hema, mikono kiunoni.

"Wazee wangu, mama zangu, tukiingia tu hapo ndani tumewapa nguvu," alisema. "Tusimame huku. Wapige picha viti."

Nusu ya watu waliitikia. Jumbe akajitokeza, amevaa lile koti.

"Viti havisemi hapana, Beldina."

"Na sisi tukisema, ataandika nani?"

"Nitaandika mimi. Kila mtu kwa jina lake na namba yake. Waone hatukuwa walevi watano, tulikuwa mtaa mzima. Kesho wakisema hamkuwapo, mtawajibu na nini?"

Beldina alishusha mikono. Alimheshimu, kama wote walivyomheshimu. "Haya basi, karani. Mimi uniandike na jina la ubatizo, wasije wakasema ni Beldina mwingine."

Watu wakacheka, wakaingia.

Mimi niliandika kumbukumbu za mkutano katika daftari langu. Waliozungumza walikuwa watu kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja walikataa. Aliyesema vizuri zaidi alikuwa Mama Kathini, ambaye nyumba yake ilibomolewa. Alisimama kwa shida, akamwelekea msichana wa kampuni, Jacky, aliyekuwa ameshika kipaza sauti.

"Mwanangu, mwaka jana mto ulikuwa unahitaji nafasi, nikaupa chumba changu. Mwaka huu unahitaji mkahawa?"

Jacky aliinamisha kichwa. Hakuwa msichana mbaya. Alisema maoni yote yameingia.

Wakati huo wote Jumbe alikuwa akipita safu kwa safu. Waliokataa soda aliwaandikisha. Waliosimama mlangoni wakitaka kuondoka aliwafuata nje akawaandikisha. Wasiojua kuandika walitia kidole. Majina yalifika mia mbili na kumi na manne, na la kwanza lilikuwa lake mwenyewe, kwa kuwa hakuwahi kumwomba mtu afanye asilolifanya yeye. Juu ya kurasa palikuwa na neno moja tu, kwa mwandiko wake mzuri: Waliohudhuria.

Mkutano ulipokwisha Jacky alimfuata.

"Mzee wangu, orodha yenu ni safi kuliko yetu. Yetu ina watu kumi na tisa. Naomba niende nayo nikatoe nakala. Jumatatu nawarudishia."

Jumbe alinigeukia. Hakuwahi kutoa karatasi yake halisi mkononi, tangu siku ya Nzivo. Mimi nilikuwa namalizia sentensi, nikasema bila kuinua macho, "Mpe. Waone tulivyo wengi."

Hilo halijulikani mtaani, na sasa lijulikane. Aliyesema "mpe" ni mimi.

Jumatatu ilipita, na nyingine, na mwezi. Ripoti ya kampuni ilipotoka, Hikma aliipata kwenye simu akatusomea mezani. Ilikuwa ndefu sana. Mama Kathini hakuwamo, na katika wale kumi na mmoja hakuwamo hata mmoja. Mwishoni kabisa, penye viambatisho, ulikuwapo ukurasa uliopigwa chapa: Orodha ya wakazi walioshirikishwa na kuunga mkono mradi. Nyuma ya ukurasa huo zikafuata karatasi zetu, mistari niliyopiga mimi, majina aliyoandikisha yeye, namba na vidole. Kwenye nakala, neno Waliohudhuria lilikuwa limekatwa kwa juu, pamoja na ukingo wa karatasi.

Jumbe alimwomba Hikma ampe simu. Aliikuza picha, akapitisha kidole jina kwa jina mpaka la mwisho. Kisha akasema, "Ni wote," akarudisha simu.

Beldina alifika kesho yake. Hakuketi.

"Mzee, umetuandika."

"Niliandika waliohudhuria."

"Wao wanasema tumekubali. Jina langu la ubatizo liko hapo! Mchungaji wangu ameniuliza."

"Na langu liko, Beldina."

"Lako ndilo la kwanza."

 Nilitaka kukiri neno nililosema siku ile Jacky alipoomba karatasi, lakini Jumbe aliniwekea mkono magotini, na Beldina akaondoka.

Baada ya hapo maneno yalianza, na kila mtaa uliongeza lake. Kwamba alikuwa ameahidiwa duka kando ya bwawa. Kwamba ndiyo maana aliwakimbiza watu mpaka nje ya hema. Msikitini hakuna aliyemwambia neno, ila alipoketi, waliokuwa karibu walikumbuka kuketi kwingine. Hakuwa mtu wa kugombana. Alichokijua ni kufuata karatasi. Alikwenda kwenye ofisi za kampuni mjini kuidai orodha yake, na kila alipofika mlangoni alipewa daftari la wageni ajiandikishe. Alijiandikisha: jina, namba, saa ya kuingia, sababu ya kuja. Mara kumi na moja. Kila mara aliambiwa asubiri, kisha kwamba Jacky hafanyi kazi hapo tena, na kwamba mwenye faili ametoka.

"Angalau wanajua nimekuja," aliniambia siku ya mwisho, akivua viatu.

Asubuhi ya Jumanne, akitawadha, alianguka. Kilikuwa kiharusi. Hakusema tena, na siku ya tatu alifariki. Tulimzika Kariokor. Waliokuja ni wengi, sitaki kuwasingizia watu, lakini najua pia madirisha yaliyofungwa jeneza lilipopita. Sylvance aliingiza bega kwenye jeneza kutoka mtaani mpaka kwenye lango la makaburi, akasimama hapo nje na masizi yake ya kazi mpaka tulipomaliza.

Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, kama ipasavyo. Na ni katika mwezi wa pili wa eda ambapo wakazi waliitwa mbele ya jopo la kusikiliza pingamizi lao dhidi ya mradi. Beldina alikuja na Hikma, na safari hii aliketi.

"Mwalimu, kitu tulicho nacho ni kimoja. Lile daftari lako la kumbukumbu. Lakini wamesema aliyeandika aje mwenyewe, aape kwamba ni yeye na kwamba aliandika siku ileile. Bila hivyo ni karatasi tu." Akasita. "Na ukisema wewe, jina la Mzee litasafishika. Mimi nilimkosea. Nataka nisikie likisomwa mbele ya watu."

Hikma alikwenda kumuuliza sheikh. Jibu lilikuja jioni hiyohiyo: kwa haja kama hiyo, mchana, bila mapambo, na kurudi nyumbani kabla ya giza, hakuna ubaya. Sitaki aseme mtu kwamba dini ilinifunga. Dini haikunifunga.

Siku ya kikao nilivaa nguo zangu zilezile za eda, nikaweka daftari kwenye mfuko. Nilipofika kwenye ukumbi wa nyumba yetu, shemeji yangu Ridhwan, mdogo wake Jumbe na mkubwa wa familia sasa, alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango.

"Unakwenda wapi, shemeji?"

"Kumsemea ndugu yako."

"Watu wanasema ndugu yangu aliuza uwanja. Ukipita leo mtaani, watasema na mkewe hakumkalia hata eda. Utakuwa umewapa la pili."

"Sheikh ameruhusu."

"Amekuruhusu wewe. Wanawake wote wa madirishani nani atawapelekea hiyo ruhusa?" Hakupaza sauti. Alikuwa amelia, macho yalikuwa mekundu. "Jina la nyumba hii limebaki kwako tu, Muhiba. Usilitoe nje."

Hikma alikuwa kizingitini, teksi inangoja. Nikaufungua mfuko. Kisha nikampa Hikma daftari.

Mambo yaliyotokea kwenye kikao nilielezwa na wengine. Mwenyekiti aliuliza kama mwandishi yupo. Hikma akasema ni mama yake na yuko eda. Mwenyekiti akasema anaheshimu sana mila za kila mtu, na kwamba kumbukumbu hazijathibitishwa. Wakili wa kampuni akasimama, akawasomea majina mia mbili na kumi na manne, moja baada ya jingine. Beldina alisema kila jina lilisikika vizuri, maana mwandiko ulisomeka bila shida. Pingamizi likatupwa. Tuliambiwa kuna siku za kukata rufaa, na siku hizo zikapita wakati tukitafuta wakili ambaye angetusikiliza kabla ya kutuuliza tuna nini mkononi.

Sasa uwanja umezungushiwa mabati. Tingatinga limekwisha kung'oa shamba la akina Beldina, naye hununua mboga Gikomba kama watu wengine. Masanduku ya Sylvance yanakauka kando ya barabara na kupakwa vumbi. Bwawa bado hakuna, mashua hakuna, kuna shimo na mlinzi. Eda yangu imekwisha, natoka, na wameanza kunisema na mimi: kwamba nilikaa ndani kwa kuwa nilikuwa nimepewa changu.

Sikupewa. Jumbe naye hakupewa. Aliandikisha watu kwa sababu aliamini kuwa anawakinga, na karatasi aliitoa kwa neno langu. Nimeyasema haya kwa jina langu kamili, na yeyote anayetaka kuyapinga aje na lake.

Wiki iliyopita Beldina alinikuta kwenye mabati, nimesimama penye tundu moja la kuchungulia. Alichungulia na yeye, kisha akaniuliza, bila ubaya, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Mwalimu, tuseme ni wewe uliyetangulia, na Mzee ndiye aliyebaki. Siku ile ya kikao angekwenda?"

Sikumjibu. Hapa pia sijibu, na asije mtu kuniuliza tena.